Elfu mbili ya dawa ya choo: kisa cha nyumba moja ya Buguruni

Ugomvi ulianza Jumamosi asubuhi, kwenye korido, kwa sababu ya elfu mbili. Kijana wa bodaboda anayepanga chumba cha nyuma alisema hatoi tena hela ya dawa ya choo. Mama wa chumba cha tatu, ambaye ndiye mkusanyaji wa mchango, akamjibu mbele ya watu kwamba wanaume wasiojali usafi ndio wanaowapa wanawake UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Maneno yakapanda. Bibi mwenye nyumba akamtuma mjukuu wake kwangu: "Bibi anasema uje, wewe ni mtu wa afya, uje uamue."

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na nyumba ile naipita kila siku nikienda kituoni. Nilimwamkia bibi, nikakaa, nikasikiliza pande zote. Kisha nikamwomba anipe asubuhi tatu nikae uani nitazame kabla sijasema lolote, maana swali la kama dawa ya choo ni lazima huwezi kulijibu ukiwa umeketi sebuleni. Naandika nilichokiona kwa sababu nyumba za namna ile zimejaa mji huu wa Dar es Salaam, na pesa inayomiminwa kwenye vyoo vyake ni ya watu wasio na pesa ya kumwaga.

Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uwa nyuma. Wanaishi watu 19, watoto wa chini ya miaka 10 wakiwa sita. Uani kuna vyoo viwili vya kuchuchumaa, vyenye sinki la kumwagia maji kwa ndoo, bafu moja, bomba moja la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na pipa la akiba kwa siku ambazo maji hayatoki. Maji taka yanaingia kwenye chemba, na kutoka hapo kwenye shimo lililo chini ya uwa huohuo ambao watu wanafulia na kupikia. Bomba la majitaka la mji halijafika pale, kama halijafika kwenye sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Shimo likijaa linaitwa gari la kunyonya, nalo linakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya Vingunguti, hapo jirani tu.

Mchango ni elfu mbili kwa chumba, jumla 12,000 kwa mwezi. Pesa hiyo ilikuwa inanunua chupa mbili za dawa ya bluu ya dukani yenye shingo iliyopinda, chupa ya jiki, na chupa kadhaa za dawa ya kienyeji, ile ya rangi ya waridi inayouzwa na machinga wa sabuni ya maji kwenye chupa za maji ya kunywa. Zamu ya usafi imebandikwa kwenye mlango wa choo, kila chumba wiki yake. Kwa kweli vyoo vilikuwa vyeupe. Nimeingia nyumba nyingi, na vile vilikuwa katika vyoo visafi kabisa nilivyovikuta. Harufu ya dawa ilikupokea kabla hujafungua mlango.

Pamoja na weupe huo, mtoto wa miaka miwili wa chumba cha tano alikuwa ameharisha mara tatu tangu Idi. Mama wa chumba cha tatu alikuwa na vyeti viwili vya UTI. Dada wa kazi wa chumba cha pili alikuwa amenusurika wiki chache kabla. Nitarudi kwake.

Sasa kopo. Asubuhi ya kwanza nilikaa kwenye kigoda karibu na bomba, nikiwa na daftari, na hadi saa tatu nilikuwa nimeshaacha kuangalia sinki. Ndani ya kila choo kuna ndoo ya maji ya lita 20, na ndani ya ndoo linaelea kopo. Lilikuwa kopo la rangi la lita moja, mdomo umeliwa, mpini wa waya. Nililitoa nikaligeuza juani. Chini kwa ndani kulikuwa na utando wa kahawia, unateleza kama kamba ya bamia, na kwenye kona ya mpini, pale waya ulipotoboa plastiki, uchafu ulikuwa umeganda mweusi. Kopo hilo linashikwa na kila mtu anayeingia. Unachota, unatawaza, unachota tena kwa mkono uleule au kwa ule mwingine ulioshika mpini uleule, maji yanayochuruzika kwenye vidole yanarudi ndoo, na kopo linarudi kuelea. Anayefuata anachota humo. Watu 19. Niliuliza kopo huoshwa lini. Hakuna aliyekumbuka kuwahi kuliosha, kwa sababu kopo liko majini siku nzima, na kitu kilicho majini kinaonekana kimeoshwa tayari.

Kutoka chooni mtu anafunga komeo kwa mkono huohuo, anapiga hatua nane hadi kwenye bomba, anafungua koki, anasuuza vidole kwa maji, anafunga koki. Sabuni haipo. Ipo vyumbani, kila mtu na yake, kwa sababu sabuni ikiwekwa nje haifiki jioni. Katika asubuhi tatu nilihesabu watu waliotoka chooni mbele ya macho yangu mara 61. Waliokwenda chumbani kuchukua sabuni ni mara 7.

Asubuhi ya pili nikaona poti. Mama wa chumba cha tano alimwaga kinyesi cha mtoto chooni, kama inavyotakiwa, kisha akaja kulisuuza poti pale bombani, juu ya saruji ambayo dakika kumi baadaye jirani yake aliweka masufuria ya chai na sahani za watoto. Nilimwuliza taratibu. "Ni kinyesi cha mtoto tu, dada. Hakina madhara." Imani hiyo naikuta karibu kila nyumba, na inaniumiza kila mara, kwa sababu mtoto anayeharisha ndiye anayetoa vijidudu vingi kuliko mtu mzima yeyote mwenye afya katika nyumba hiyo.

Mpaka hapo tayari nilikuwa na jibu la nusu ya kisa. Ugonjwa wa kuhara unaingia kwa mdomo. Kijidudu kilichoko kwenye tundu la choo hakina miguu. Lazima kipate mkono, maji, nzi au chakula cha kukifikisha mdomoni. Nyumba ile ilikuwa inaua vijidudu vya mahali ambapo hakuna anayegusa, na kuviacha salama kwenye kopo, komeo, koki na saruji ya kuoshea vyombo. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona huko Marekani, Charles Gerba akiwa mmoja wao, walipima bakteria wa kinyesi katika majumba ya watu. Jikoni walikuta wengi kuliko bafuni na chooni, na kiti cha choo ndicho kilichokuwa na wachache kuliko sehemu zote. Zile ni nyumba za sinki za kukalia na jiko la ndani, tofauti na uwa wa Buguruni. Lakini nilipokiona kitambaa cha kufutia sahani pale bombani, kibichi, kimekunjwa tangu jana, nilijua ningepimisha nini kwanza kama ningekuwa na maabara.

Suala la UTI lilihitaji mazungumzo marefu zaidi, na niliyafanya chumbani kwa mama wa chumba cha tatu, mlango umefungwa. Nasema kwa uwazi: katika Dar es Salaam, dawa ya choo hainunuliwi kwa kuogopa kuhara. Inanunuliwa kwa kuogopa UTI na fangasi. Ndiyo sababu mchango unakusanywa na wanawake, na ndiyo sababu mwanaume anayegoma kutoa anatukanwa kwa ukali ule.

"Ule mvuke, dada," aliniambia. "Ukichuchumaa choo kikiwa na mkojo wa watu, mvuke unapanda."

Nilimweleza kama ninavyoweka hapa. Bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya UTI ni E. coli, na anaishi kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Anasafiri kutoka njia ya haja kubwa hadi njia ya mkojo, safari fupi sana kwa mwanamke, na akiingia anakuta mrija wa sentimita 4 hivi tu kufika kwenye kibofu. Hapandi kwa mvuke. Choo chao ni cha kuchuchumaa, mwili haugusi sinki hata kidogo; dawa inayomwagwa kule chini haikutani naye popote. Kinachosaidia ni kutawaza kutoka mbele kwenda nyuma, kunywa maji ya kutosha, kutobana mkojo, na kwenda haja ndogo baada ya tendo la ndoa. Maji ya kutawazia yawe safi pia, na hapo tulirudi tena kwenye lile kopo.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakulisema kwenye korido. Tangu cheti cha kwanza alikuwa anaosha sehemu za siri kila siku kwa dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa na maji, ili kujikinga. Cheti cha pili kilipotoka alinunua vidonge duka la dawa, akameza siku tatu, akaacha alipojisikia nafuu. Sasa alikuwa anawashwa. Ukeni kuna bakteria wazuri ambao kazi yao ni kuweka hali ya uchachu inayowazuia wabaya na fangasi wasizidi. Dawa ile ilikuwa inawaua hao walinzi kila asubuhi, na antibiotiki ikamalizia. Fangasi hakutoka chooni. Ni wa mwilini, huishi kimya na watu wengi, na hupata nafasi walinzi wanapoondolewa. Nilimpeleka kituo cha afya mwenyewe. Mkojo ukapimwa, dalili ya bakteria haikuonekana, akatibiwa fangasi. Alikaa kimya njia nzima ya kurudi, nami sikumsemesha, maana alikuwa ametumia pesa na miezi akipigana na choo cha watu.

Chupa zenyewe. Ile ya bluu, lebo yake inasema ina asidi ya haidrokloriki. Kazi yake halisi ni kuyeyusha ukoko: chokaa ya maji na chumvi ya mkojo inayoshika sinki na kulifanya njano. Kwa hilo inafaa kweli, na ukoko ukitoka harufu inapungua kwa kuwa mkojo haupati pa kushika. Jiki ni klorini. Hii inaua, ila kwa masharti. Lazima uchafu uondolewe kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na kinyesi inaishia kwenye kinyesi. Lazima ikae, dakika kumi hivi. Pale kwao aliye zamu alikuwa anamwaga na kufuatisha ndoo ya maji papo hapo, ili jirani aingie. Dawa ilikuwa inapita tu kwenda shimoni. Kuhusu ya waridi siwezi kusema ina nini. Chupa haina lebo, na hilo peke yake lingetosha mimi nisiiweke kwenye nyumba yenye watoto sita, tena ndani ya chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ni ya maji ya kunywa.

Ile "asilimia 99.9" inayoandikwa mbele ya chupa nyingi ilikuwa hoja kubwa ya mkusanyaji. Ni hesabu ya maabara, kwenye sehemu safi, kwa muda uliopimwa. Hata tukiikubali ilivyo, kati ya vijidudu milioni moja vinabaki elfu moja. E. coli akipata mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20, kwa hiyo elfu moja wanarudi milioni moja kwa saa tatu na dakika ishirini. Choo cha watu 19 hakingoji hata hayo. Mtu wa kwanza akiingia baada ya usafi, hesabu inaanza upya. Na mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo watoto wa uwa ule nimewapa dawa zake, hayatishwi na klorini ya nyumbani hata kidogo.

Yule dada wa kazi wa chumba cha pili. Ana miaka 17, ametoka kijijini mwaka huu. Wiki ya zamu yao aliambiwa aoshe vizuri, na yeye akaelewa vizuri ni nyingi. Akamwaga ya bluu, akaona haitoshi, akamwaga jiki juu yake, mlango ukiwa umefungwa ili asionekane amekunja nguo. Asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Ni gesi ileile Wajerumani waliyoifungulia mitungi pale Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, kuwaua askari. Kwenye choo ni kidogo, lakini choo nacho ni kidogo. Alitoka anatambaa, macho yanachuruzika, anakohoa hadi kutapika. Aliyembeba hadi barazani kwenye hewa ni kijana wa bodaboda. Nyumba nzima ilidhani ni pumu. Kwa kijana, siku ile ndiyo iliyomwondolea hamu ya kutoa mchango, na hakuna aliyemwuliza sababu. Hata jiki peke yake ikimwagwa kwenye mkojo uliolala inatoa mvuke mkali wa kloramini, ndiyo maana wengine hukohoa na kusema "dawa hii kali, inafanya kazi."

Bibi alikuwa na swali lake la pembeni: shimo linajaa upesi siku hizi, na uwa unanuka hata choo kikiwa kisafi. Shimoni kuna bakteria wanaomeng'enya kinyesi, na anayemwaga dawa ya kuua kwa wingi kila siku anawadhoofisha hao pia. Sikumwambia kuwa dawa ndiyo sababu pekee. Wapangaji wameongezeka kutoka 11 hadi 19 ndani ya miaka minne, na hilo linajaza shimo bila msaada wa chupa yoyote. Lakini nilimwambia kwamba kiasi kidogo mara moja moja hakina neno, ila chupa nne tano kwa mwezi kwa vyoo viwili ni nyingi.

Sikuwaambia waache dawa kabisa, na yeyote atakayesoma hapa asielewe hivyo. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 nilikuwa nikizunguka na ndoo ya klorini, na ningezunguka nayo tena kesho. Mtu akiharisha au kutapika nyumbani, kukiwa na damu, au mgonjwa akishachafua sakafu, dawa ni ya lazima. Jiki ya nyumba ile ni ya asilimia 3.5: kopo moja kwa makopo sita ya maji, baada ya kuondoa uchafu na kuosha kwa sabuni, ipakwe mahali penye uchafu na pale mikono inapogusa, ikae dakika kumi, mlango wazi, na isichanganywe na kitu kingine chochote. Siku za kawaida, brashi na sabuni ya unga vinatosha sinki la choo.

Kikao tulikifanya Jumapili jioni, uani. Mchango ulishuka hadi elfu moja. Kwanza sabuni: mche mmoja unakatwa vipande, kipande kinatiwa kwenye soksi, soksi inafungwa kwa kamba kwenye nguzo. Hofu ya wizi iliisha, maana hakuna anayeiba kipande cha mche kilicholowa ndani ya soksi. Sabuni haihitaji kuua. Inang'oa uchafu mkononi na maji yanaubeba. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kunawa kwa sabuni kunapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja, na mimi sijui dawa ya choo yoyote inayoweza kudai hivyo. Kijana wa bodaboda akasema bomba liko mbali na choo, watu watapitiliza. Kesho yake akaja na dumu la lita tano, msumari uliopashwa moto na kamba, akatengeneza kibuyu chirizi nje ya mlango wa choo, cha kukanyaga kwa mguu ili mkono usiguse kitu.

Ndoo za chooni zikabadilishwa kwa ndoo zenye koki, kopo likatundikwa msumarini nje ya maji, na kuoshwa kwake kukaandikwa kwenye karatasi ya zamu. Poti likapewa mahali pake nyuma ya bafu, na maji yake kumwagwa chooni. Dekio na vitambaa vinaanikwa juani. Ya bluu itanunuliwa chupa moja, itumike mara moja kwa mwezi kwa ukoko. Jiki inakaa chumbani kwa bibi, kabatini. Ya waridi ilikataliwa.

Hilo la mwisho lilileta ubishi, na aliyebisha ni bibi mwenyewe. "Mwanangu, mgeni akija akikuta choo hakinuki dawa, atasema nyumba hii hawaoshi." Sikuwa na jibu la kitaalamu kwa hilo, na sidhani linahitaji. Ni heshima ya nyumba yake, ameijenga na marehemu mumewe. Tulikubaliana atanunua kipande cha kutundika chenye harufu ya ndimu, kwa hela yake, na kila mtu ajue ni cha harufu.

Nimepita mara nyingi tangu siku ile. Katika miezi miwili mtoto wa chumba cha tano ameharisha mara moja, wakati wa mvua, na mama yake alikuja kwa bibi kuomba jiki akiwa tayari ameshaosha sakafu kwa sabuni. Soksi imebadilishwa mara mbili. Bibi akiamka alfajiri kutia udhu, kabla hajafungua mlango wa mbele, anakwenda kwanza chooni na tochi ya simu, anaingiza kidole ndani ya kopo na kupapasa chini kama linateleza.